Pelegi Mwana wa Eberi

Yako majina katika Kitabu cha Mwanzo ambayo wasomaji wengi huyaruka, kama mtu arukavyo mfereji njiani asiyatazame maji yake. Mlango wa 10 na wa 11 imejaa majina ya namna hiyo. Nasi twakiri ya kuwa siku zile tulipokuwa wanafunzi wa seminari tuliyasoma mbio mbio, tupate kumfikia Ibrahimu upesi. Walakini Roho Mtakatifu hakuyaandikisha bure. Basi mwezi huu twataka kusimulia maisha ya mmoja wao, Pelegi mwana wa Eberi. Habari zake zimeandikwa kwa maneno machache sana, lakini mna faraja ndani yake kwa watu wakaao kando ya ziwa letu.

Pelegi alikuwa wa ukoo wa Shemu mwana wa Nuhu. Shemu alimzaa Arfaksadi miaka 2 baada ya gharika. Arfaksadi alipokuwa na miaka 35 alimzaa Sela, na Sela alipokuwa na miaka 30 alimzaa Eberi, naye Eberi alipokuwa na miaka 34 alimzaa Pelegi. Mtu akizijumlisha hesabu hizi ataona ya kuwa Pelegi alizaliwa mwaka wa 101 baada ya gharika. Nuhu mwenyewe alikuwa angali hai, kwa kuwa aliishi miaka 350 baada ya maji kukauka. Tena wataalamu wengi husema ya kuwa katika jina la Eberi, baba yake, ndimo lilimotoka jina la Waebrania.

Eberi alimpa mwanawe jina lenye maana ya mgawanyiko, na Maandiko yaeleza sababu yake: katika siku zake nchi iligawanyika. Desturi ya kumwita mtoto kwa mambo ya wakati wake si ngeni kwetu hapa Mwanza. Wasukuma humwita Mabula mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mapacha huwaita Kulwa na Doto, hata jina lenyewe likawa habari ya kuzaliwa kwao. Lakini jina la Pelegi halikuwa la furaha. Kila alipoitwa ale chakula, au aende malishoni, wote walikumbushwa ya kuwa wanadamu hawako pamoja tena.

Mgawanyiko huo ulikuwa wa namna gani? Wako wasemao ya kuwa nchi ziligawanywa kwa jamaa za Nuhu, kila jamaa na mahali pake. Wako wengine wasemao ya kuwa ndipo watu walipoanza kuchimba mifereji ya kunyweshea mashamba, maana katika Kiebrania neno la mgawanyiko na neno la mfereji ni la shina moja. Lakini wengi hufikiri juu ya Babeli, mahali Mungu alipozichafua ndimi za watu, kwa kuwa habari ya mnara ule imewekwa katikati ya orodha mbili zimtajazo Pelegi. Tena katika Zaburi ya 55 Daudi aomba ndimi za adui zake zigawanywe, naye atumia neno la shina lile lile. Nasi twaifuata maana hii.

Pelegi alikuwa na ndugu, jina lake Yoktani. Huyu alipata wana 13, na majina yao yote yameandikwa, pamoja na habari ya nchi walizokaa. Mmoja wao ni Hasarmawethi, na wataalamu wanalitambua jina lake katika nchi ya Hadhramaut kule Arabuni, walikotoka Waarabu wengi waliofika pwani yetu kufanya biashara. Lakini kwa Pelegi limetajwa jina la mwana mmoja tu, Reu, aliyezaliwa baba yake alipokuwa na miaka 30. Wana na binti zake wengine hawakutajwa majina. Wala hatusomi ya kuwa Pelegi alijenga mji, au alipiga vita, au alionekana na malaika. Mbele ya macho ya wanadamu Yoktani ndiye aliyekuwa mtu mkubwa.

Sisi wa ziwa la Viktoria twalijua neno hili la kugawanyika kwa nchi. Tarehe 1 Julai 1890 serikali za Ujerumani na Uingereza zilipatana juu ya mipaka yao, na mstari ukapigwa katikati ya ziwa, digrii 1 kusini ya Ikweta. Waliopatana hawakuwa wavuvi wala watu wa visiwani. Hata leo Wakuria wako pande mbili za mpaka, na Wajaluo kadhalika, na ziwa moja ni la nchi tatu, Tanzania na Uganda na Kenya. Tena hapa Mwanza penyewe twasikia Kisukuma na Kikerewe, Kijita na Kikara, Kizinza na Kihaya. Basi tumsomapo Pelegi tusidhani ya kuwa twasoma habari za mbali.

Sasa twafika kwenye jambo lililotushangaza tulipozipiga hesabu kwa kalamu. Pelegi, baada ya kumzaa Reu, aliishi miaka 209, jumla yake miaka 239. Kwetu ni mingi mno, lakini baba yake Eberi aliishi miaka 464. Miaka ya mwana ilikuwa kama nusu ya miaka ya baba. Basi Pelegi alikufa mwaka wa 340 baada ya gharika, na siku ile Nuhu alikuwa hai, na Shemu alikuwa hai, na Arfaksadi, na Sela, na Eberi. Katika uzao ule uliotajwa, tangu Shemu mpaka Ibrahimu, yeye ndiye wa kwanza kufa. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani miaka ni mingine, lakini Biblia zetu zafuata hesabu ya Kiebrania, nasi twaifuata.

Fikirini, ndugu, huzuni ya Eberi. Alimwita mwanawe Mgawanyiko, na mwishowe mauti yakawagawanya wao wawili. Mwaka mmoja tu ulipita, akafa Nahori, kilembwe chake. Halafu akafa Reu, mjukuu wake, kisha Serugi, kitukuu chake. Eberi aliishi miaka 191 baada ya Pelegi, akawaona wadogo wakitangulia na yeye mkongwe akisalia. Maandiko hayasemi alilia namna gani. Lakini mzazi yeyote aliyemzika mtoto hana haja ya kuambiwa.

Baba yetu Martin Luther aliijua huzuni hiyo. Naye alipenda sana kuzihesabu siku za mababa hawa, hata mwaka wa 1541 akapiga chapa kitabu cha hesabu ya miaka ya dunia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 1542, binti yake Magdalena akafa, umri wake miaka 13. Yeye aliyehesabu miaka ya mababa kwa mamia aliipata ya mtoto wake kuwa michache hivyo.

Na sisi je? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu mamia wakafa maji. Wengi wao walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu mamia wakafa tena. Siku zile wazazi wengi walisimama ufukweni wakingoja, wazee kwa vijana waliotangulia. Sisi wachungaji twaulizwa na watu wa namna hii swali moja: Je, mtoto aliyekatwa katikati ya siku zake, Mungu amemsahau? Wengine hawaulizi kwa kinywa, bali wameacha kuja kanisani. Yatupasa kuwajibu, wala si kwa maneno ya haraka.

Jibu letu twalitoa katika maisha ya Pelegi. Mwinjili Luka, aandikapo ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo katika mlango wa 3, amtaja Pelegi kwa jina lake. Yoktani mwenye wana 13 hakutajwa humo. Ahadi ya Mungu haikupitia kwa ndugu mwenye wana wengi walioandikwa, wala haikungoja wenye miaka mingi. Ilipita kwa yule mwenye jina la huzuni, aliyekufa mbele ya baba zake. Kutoka kwake ikamfikia Reu, na Serugi, na Nahori, na Tera, na Ibrahimu, hata ikafika Bethlehemu. Wanadamu waliona mgawanyiko. Mungu alikuwa akichimba mfereji.

Nasi twasema hivi si kwa kucheza na maneno, kwa kuwa Maandiko yenyewe yalitumia neno hili. Ule mti wa Zaburi ya 1, uliopandwa kando ya maji, umepandwa kando ya mifereji, na katika Kiebrania mifereji hiyo yaitwa kwa neno lililo jina la Pelegi. Tena katika Zaburi ya 46, ambayo Luther aliitungia wimbo wake mkuu uimbwao katika makanisa yetu, vijito viufurahishavyo mji wa Mungu vyaitwa kwa neno lilo hilo. Basi jina alilopewa mtoto kwa huzuni likawa neno la furaha ya mji wa Mungu.

Hata mgawanyiko wa ndimi Mungu hakuuacha. Siku ya Pentekoste hakuzifuta lugha za watu, bali kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake. Kwa hiyo Msukuma na Mhaya, Mkerewe na Mjaluo, wakikaa benchi moja na kula mkate mmoja mezani pa Bwana, wasione haya kwa lugha za mama zao, wala mmoja asimdharau mwenzake. Mshikamano wao hautoki katika ukoo wala mpaka, watoka katika ubatizo.

Nawe uliyemzika mwanao, usiseme ya kuwa siku zake zimepotea. Pelegi hakuliona lililotoka katika uzao wake, wala Eberi hakuliona. Lakini Mungu aliliona, akaliandika jina lake katika ukoo wa Mwana wake. Yeye aliyewahesabu mababa mwaka kwa mwaka awahesabu na watoto wetu, nao waliobatizwa katika Kristo hawajakatwa na shina. Mungu Baba yetu awafariji wote waliao kando ya ziwa hili, atukusanye sote katika mji wake. Amina.