TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Sheikh Al-Amin na sufuria la msibani

Ndugu zangu wa Maganzo na vitongoji vyake,

Leo tumkumbuke Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Wengine mnamjua kwa vitabu vyake vya madrasa, wengine kwa mwanawe, Profesa Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, naye alikuwa mwanachuoni, lakini alifariki 1894. Hesabu mwenyewe: mtoto wa miaka mitatu, yatima. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaenda Unguja kusoma kwa mabingwa wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki 1947.

Lakini ukadhi tuuache. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ndogo ya Kiswahili, akaiita Sahifa. Miaka miwili baadaye likaja gazeti lake, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Kwa lugha ya leo hiyo ndiyo ilikuwa chaneli yake, ila sisi tunabonyeza tu kidole, yeye ilikuwa wino, karatasi na gharama.

Miaka ile uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka tangu 1929. Bei za mazao zilishuka, na Waislamu wengi wa pwani wakawa na madeni, mashamba yanatoka mikononi mwao. Sheikh hakukaa akawalaumu Wazungu tu, ingawa na hao aliwasema. Aliwageukia watu wake: someni, jifunzeni kazi za mikono, fungueni biashara, na punguzeni israfu ya harusi na ya matanga. Makala zile baadaye zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Mtu akiyasoma maneno hayo leo anaona kama yanamhusu jirani yake. (Yeye mwenyewe hapana, jirani.)

Hapo kwenye matanga nataka tukae kidogo. Mtu akifa, mali yake ina utaratibu. Kwanza inatoa gharama za mazishi, pili madeni, tatu wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Sasa tazama tunavyofanya. Maiti imezikwa saa kumi, magharibi sufuria liko jikoni, mchele kilo hamsini, mbuzi wawili, siku tatu nne watu wanakula. Nani analipa? Mara nyingi ni hela ya marehemu, au mjane amekopa dukani. Na ndani ya hela ile kuna fungu la mtoto wa miaka mitatu. Warithi wakubwa wanaweza kutoa mafungu yao, ni hiari yao. Mtoto hana ruhusa ya kutoa, hata akiitikia kwa kichwa. Mimi nadhani mtu aliyebaki yatima katika umri ule aliliona jambo hili kwa jicho lingine.

Na Sunna ni kinyume kabisa. Ja'far bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, maana wana la kuwashughulisha. Majirani ndio wapike, wafiwa wapumzike. Sisi tumepindua, mfiwa ndiye mpishi!

Turudi kwenye futari zetu. Hapa kwetu mtu akiokota kajiwe machimboni, wiki nzima ni pilau na soda. Wiki ya pili anaandikwa kwenye daftari la duka. Na yupo mwingine, namjua kwa hali si kwa jina, haalikwi wala haaliki, kwa sababu anaona aibu kufuturisha bila nyama. Jamani, wazee wa Usukuma walianika viazi vikawa michembe, wakaanika majani ya kunde yakawa nsansa, wakavuka nayo kiangazi. Michembe iliyochemshwa na karanga, uji wa mtama na kokwa ya tende, hiyo ni futari kamili. Mama aliyepika hivyo asiombe radhi kwa mgeni, na mgeni asichungulie chini ya sahani akitafuta paja la kuku.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, awarehemu na waliomsomesha. Amin.

Tangazo: leo baada ya tarawehe tunaomba kila mtaa utoe nyumba tano zitakazopika zamu kukitokea msiba kwa jirani, ugali na maharage yanatosha. Na sufuria kubwa la msikiti lililoazimwa tangu Shaaban lirudishwe. Mfuniko tunao.