Bi. Joy Adamson na Simba Aliyesingiziwa

Mwezi wa Januari mwaka 1980 habari zilienea duniani kwamba Bi. Joy Adamson, mwandishi wa kisa cha simba Elsa, ameuawa na simba katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Wengi waliipokea habari hiyo bila ya kuuliza swali. Kwa miaka mingi walikuwa wakikitazama kisa chake katika senema na televisheni, roho zao zikiwa mikononi, wakingoja siku mnyama atakapomgeuka. Sasa walidhani mwisho wa mchezo umefika. Kumbe sivyo.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria. Leo mji huo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Czech. Aliingia Kenya mwaka 1937. Jina la Joy alipewa na mumewe wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na ni katika kusafiri naye alipoanza kuchora maua ya nchi hii. Baadaye alichora samaki wa matumbawe wa pwani yetu, na watu wa makabila mbalimbali ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Mamia ya picha hizo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, ofisa wa idara ya wanyama huko Isiolo.

Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye iligunduliwa kwamba mnyama yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu wachanga. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi, katika bustani ya wanyama. Mdogo wao, Elsa, akabaki na Bi. Joy. Aliyekuwa akimlinda mchana alikuwa Nuru, mtumishi wao Mwislamu. Hata bahari Elsa aliiona: walimleta Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, akaoga katika maji ya chumvi na kucheza mchangani.

Alipokua, mume na mke waliamua kumfundisha kuwinda na kumrudisha porini. Pahali palipomfaa palikuwa Meru, kando ya mto Ura, katika nyika iliyo chini ya vilima vya Nyambene. Huko alipata mume wa mwituni, na mwishoni mwa mwaka 1959 akazaa watoto watatu. Bi. Joy alikiandika kisa hicho katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, kikasomwa kwa lugha nyingi. David Attenborough wa televisheni ya Uingereza naye alifunga safari hadi Meru kumpiga Elsa picha. Lakini maisha ya Elsa yalikuwa mafupi. Alikufa Januari 1961 kwa maradhi yanayoletwa na kupe, akazikwa huko huko Meru.

Mwaka 1966 kitabu kikafanywa senema, na Virginia McKenna akaigiza kuwa Bi. Joy. Watu walilia, wakatoka wakiwapenda simba. Mwaka 1974 ikafuata michezo ya televisheni, iliyopigwa picha hapa Kenya na kuonyeshwa Marekani. Hapo ndipo mambo yalipokolezwa chumvi. Kisa cha Elsa kilikuwa cha subira: kukaa, kungoja, kumwacha mnyama aende zake. Mchezo wa kila juma hauwezi kungoja hivyo. Lazima upate hatari mpya kabla ya saa moja kwisha. Watazamaji hawakuvutwa vya kutosha, na baada ya sehemu 13 michezo ikasimamishwa.

Isidhaniwe kwamba hatari yenyewe haikuwapo. Boy, simba dume aliyeigiza katika senema ile ya 1966, alichukuliwa na George hadi Meru akaishi porini. Mwaka 1969 alimjeruhi mtoto wa msimamizi wa hifadhi, na mwaka 1971, huko Kora, alimuua mtumishi wa George. George alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Simba si paka wa nyumbani, na George alilijua hilo kuliko mtazamaji yeyote.

Ndiyo sababu habari ya Januari 1980 iliaminika upesi. Lakini maiti ya Bi. Joy ilipochunguzwa, majeraha yalionekana kuwa ya silaha yenye makali, si ya kucha wala meno. Mwaka 1981 mahakama ilimtia hatiani kijana aliyewahi kumfanyia kazi, kisha akafukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako. George naye aliuawa na majambazi wenye bunduki huko Kora, mwezi wa Agosti 1989. Wote wawili waliishi na simba miaka mingi, na wote wawili walikufa kwa mikono ya binadamu.

Majivu ya Bi. Joy yalipelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa. Senema ilimfanya simba kuwa malaika, michezo ya televisheni ikamfanya kitisho, na magazeti yakamtia hatiani kabla ya kesi kusikilizwa. Wakili wake siku ile alikuwa daktari aliyeyatazama majeraha kwa macho yake, bila ya kufuata alichokiona katika senema.