Jesse Jones na Amana ya Umma

Niliombwa wakati fulani nipitie tafsiri ya kanuni za maadili za benki moja ya maendeleo. Istilahi iliyonisumbua ni mgongano wa maslahi. Mfasiri hakukosea, lakini nilijiuliza kama karani atakayeisoma ataiona hatari yenyewe. Ndipo nikamkumbuka Jesse Jones.

Bwana huyu alizaliwa Tennessee, Marekani, mwaka 1874. Elimu yake ya shuleni ilikuwa haba. Alihamia Houston, akauza mbao, akajenga majumba, akamiliki benki na gazeti. Mnamo 1931, benki mbili za mji huo zilipokaribia kuanguka, aliwaita wenye benki wenzake ofisini mwake, akawabembeleza hadi wakachanga fedha za kuziokoa.

Mwaka uliofuata serikali iliunda shirika kubwa la umma la kukopesha mabenki na reli zilizoelemewa na mdororo wa uchumi, naye Jones akawa miongoni mwa wakurugenzi. Doa halikukawia. Rais wa shirika, Charles Dawes, alijiuzulu mwezi Juni. Wiki chache baadaye benki yake ya Chicago ikapewa mkopo wa dola milioni 90. Jones mwenyewe ndiye aliyeupendekeza, akihofia kwamba benki hiyo ikianguka ingeziburuta nyingine. Kiuchumi, naamini alikuwa na haki. Lakini mwananchi aliyenyimwa kazi na mkate angeaminije? Bunge likadai kupewa taarifa za mikopo, na majina ya waliokopeshwa yakaanza kuchapishwa. Wenye benki nao wakalalamika kwamba wateja wakiyaona majina hayo hukimbilia kutoa akiba zao. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure, ila siri nayo ilikuwa imekwisha kuharibu zaidi.

Katika Kiswahili, amana, imani na uaminifu ni maneno ya ukoo mmoja. Sijui kama Jones angejali isimu, lakini alipofanywa mwenyekiti mwaka 1933 alikopesha kama mtu aliyewekewa mali ya mwenzake. Alidai dhamana, akanunua hisa katika maelfu ya mabenki, na wakuu wa makampuni waliotaka fedha za umma wakashurutishwa kupunguza mishahara yao minono.

Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba kinga yote hiyo ilikaa kichwani mwake. Alikuwa na mamlaka ya kutisha, na wengi waliridhika kwa kuwa yeye ni Jones. Mwaka 1945 Rais Roosevelt alimwondoa. Miaka michache tu baadaye kamati ya Seneti iliyoongozwa na William Fulbright iligundua kwamba wapambe wa wanasiasa walikuwa wakishawishi utoaji wa mikopo. Maafisa walikuwa wakiondoka shirikani na kuajiriwa na wale wale waliokopeshwa. Kulizuka hata kisa cha koti la manyoya, la thamani ya zaidi ya dola 9,000, alilopata karani mmoja wa Ikulu ambaye mumewe aliwahi kuwa mkaguzi wa shirika hilo. Mwaka 1951 bodi nzima ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na msimamizi mmoja.

Jones hakulitetea shirika alilolilea. Tangu 1950 alikuwa akishauri lifungwe. Alifariki Houston mwezi Juni 1956. Shirika lenyewe likafutwa mwaka uliofuata.