KHABARI ZA ZHENG HE, JEMADARI WA BAHARI WA CHINA

Katika mwaka wa 1371 alizaliwa katika mji wa Kunyang, jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya nchi ya China, mtoto mwanamume aliyeitwa Ma He. Waislamu wengi wa China hulitwaa jina hili la Ma liwe badala ya jina la Muhammad. Baba yake alikwenda Makka akahiji, na babu yake kadhalika, hatta watu wakawa huwaita wote wawili Haji. Na ukoo wao hunasibishwa na Sayyid Ajall Shamsuddin Omar, mtu wa Bukhara, aliyekuwa liwali wa Yunnan zamani za Wamongoli.

Mtoto huyo alipopata umri wa miaka kumi hivi, majeshi ya dola ya Ming yaliingia Yunnan kuwaondoa Wamongoli. Baba yake alifariki katika siku za vita vile, naye hajatimiza miaka 40. Mtoto akatekwa, akahasiwa, akapelekwa kutumika nyumbani kwa Zhu Di, mwana wa mfalme, aliyekuwa akitawala upande wa kaskazini. Kumhasi mwanadamu ni haramu katika sharia ya Kiislamu, na ni dhuluma ambayo haifutiki kwa cheo chochote apewacho aliyedhulumiwa. Ni wajibu kulitaja jambo hili mbele ya sifa zake, kwani wengi wasimuliao khabari zake hulipita upesi.

Alikua mtu wa kimo kirefu na mwenye akili ya vita. Zhu Di alipoinuka mwaka 1399 kupigana na mfalme, mtoto wa ndugu yake, towashi huyu alikuwa pamoja naye; na mwaka 1402 Zhu Di alipoutwaa mji wa Nanjing akakaa katika kiti cha ufalme kwa jina la Yongle, hakumsahau. Mwaka 1404 alimpa jina jipya la Zheng.

Mwaka wa pili yake, yaani 1405, nao ni mwaka 808 wa Hijra aliofariki Ibn Khaldun, Zheng He aliondoka China na merikebu zipatazo 300 na watu zaidi ya 27,000. Walikuwamo askari, matabibu, waandishi, wakalimani na mafundi. Watu wa pwani ya Afrika wajuao kungoja kaskazi na kusi wataelewa kazi yake: kundi zima lile lilikwenda na kurudi kwa pepo za musimu, nalo lilitumia dira na nyota. Alisafiri safari saba kati ya 1405 na 1433, akafika Java, Malaka, Ceylon, Kalikut, Hormuz na Aden.

Wala hazikuwa safari za amani tupu. Huko Palembang alimshika haramia mkubwa, Chen Zuyi, akampeleka kwa mfalme akauawa. Na mwaka 1411 alipigana na mtawala mmoja wa Ceylon, akamchukua mateka hatta China. Wanaomsifu kuwa hakuinua silaha katika nchi za watu hawasemi kweli.

Safari iliyogusa pwani yetu ya Waswahili yafaa ielezwe kwa urefu. Mwaka 1414 mfalme wa Bengala alipeleka China twiga, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakafika wenyewe na twiga mwingine. Mtu wa Buger au wa Karatu, ambaye twiga wa nyika za Manyara si ajabu kwake, atastaajabu akisikia ya kuwa mfalme wa China alitoka langoni kumpokea mnyama yule. Wachina walikuwa na khabari za kale za mnyama aitwaye qilin, aliyeaminiwa kuwa hatokei ila katika zama za mfalme mwadilifu. Na twiga kwa Kisomali huitwa giri, na pengine masikio yao yalisikia jina lile lile. Wakubwa wa baraza wakatunga mashairi ya kumpongeza mfalme. Hivyo mnyama wa nyika za Afrika akawa hoja ya kuthibitisha kiti cha mtu aliyekitwaa kwa upanga.

Ili kuwarudisha wajumbe wa nchi mbali mbali makwao, Zheng He alitumwa safari ya tano, 1417 hatta 1419, na merikebu zake zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Zilileta hariri na vyombo vya kauri. Mogadishu ikatoa punda milia na simba, na Barawa ikatoa ngamia na mbuni. Hayo Zheng He mwenyewe aliamuru yachorwe katika jiwe mwaka 1431. Mwaka 2010 ilifukuliwa huko Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya mfalme Yongle, na mwaka 2013 nyingine katika kisiwa cha Manda. Walakini mtu asidhani ya kuwa kila bakuli la kauri lililotiwa katika makaburi ya pwani, kama yale ya Kunduchi, lililetwa naye. Biashara ya vyombo hivyo ilikuwako kabla yake, na iliendelea baada yake kwa mikono ya Waarabu na Wahindi.

Kuhusu dini yake, mwaka 1417 alizuru makaburi ya Waislamu huko Quanzhou, na katika jiwe lake lililopatikana Galle mwaka 1911 Mwenyezi Mungu ametajwa kwa khati ya Kiajemi. Lakini jiwe hilo hilo lataja sadaka kwa Budha na kwa mungu wa Wahindu, na mwaka 1431 alimshukuru mungu wa kike wa mabaharia. Alikuwa mtumishi wa mfalme asiye Mwislamu, na jiwe lile alilisimamisha kwa amri yake.

Yongle alifariki mwaka 1424, na mfalme aliyemfuata akazisimamisha safari kwa ajili ya gharama. Zheng He akawekwa Nanjing kulinda mji, hatta alipoitwa tena mwaka 1430, naye ni mtu wa miaka karibu 60. Katika safari hiyo ya saba, kundi lilipofika Kalikut, watu saba walitumwa wapande merikebu ya kwenda Makka, wakiwa na miski na vyombo vya kauri. Khabari hiyo imeandikwa na Ma Huan, mkalimani Mwislamu wa safari zile. Zheng He hakuwamo katika hao saba. Wengi husimulia ya kuwa alifariki mwaka 1433 njiani akirejea, na kaburi lake lililoko kilima cha Niushou, Nanjing, lililojengwa upya kwa namna ya Kiislamu mwaka 1985, halina mwili ndani yake. Wale saba walikaa mwaka mzima, wakarudi na picha ya Al-Kaaba iliyochorwa, ikapelekwa kwa mfalme.