Woodrow Wilson: rais aliyepigwa kiharusi, nchi ikafichwa

Msikilizaji, wengi wetu tulisoma shuleni kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Aliyelipigania sana shirikisho hilo ni Woodrow Wilson, rais wa 28 wa Marekani. Leo tunasimulia maisha yake na ugonjwa uliomwangusha.

Wilson alizaliwa Virginia mwaka 1856. Alifundisha chuo kikuu, akaongoza chuo cha Princeton, akawa gavana wa New Jersey, na mwaka 1913 akaingia Ikulu.

Mwili ulimwonya mapema. Mwaka 1896 mkono wake wa kulia uliishiwa nguvu, akajifunza kuandika kwa kushoto. Mwaka 1906 aliamka jicho la kushoto halioni vizuri. Madaktari walimkuta na presha, akapumzika miezi michache kisha akarudi kazini.

Septemba 1919 alizunguka nchi kwa treni akiwaomba wananchi waunge mkono shirikisho. Baada ya kuhutubia Pueblo, Colorado, alizidiwa, ziara ikakatishwa. Asubuhi ya Oktoba 2, akiwa Ikulu, upande wake wa kushoto ulipooza. Mshipa wa damu upande wa kulia wa ubongo ulikuwa umeziba.

Mshipa ukiziba, sehemu iliyokosa damu kabisa hufa ndani ya dakika chache. Sehemu inayoizunguka hubaki hai kwa muda, ikipata damu kidogo kupitia mishipa ya jirani, kama shamba linalopata maji ya mfereji mdogo baada ya ule mkubwa kuziba. Hiyo ndiyo madaktari hukimbilia kuiokoa.

Kuna jambo la pili. Kuta za mishipa midogo ya ubongo huchuja kwa ukali kila kinachotoka kwenye damu. Zikikosa damu kwa saa kadhaa, kuta hizo huanza kuvuja. Maji huingia, ubongo huvimba, na hata damu inaweza kumwagika ndani. Kwa sababu hiyo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, baada ya kipimo cha picha ya kichwa. Ikichelewa, inaweza kuleta madhara makubwa kuliko faida.

Wakati wa Wilson hapakuwa na dawa hiyo wala kipimo hicho. Mkewe Edith na daktari wake Cary Grayson waliwaficha wananchi ukubwa wa ugonjwa. Karatasi za serikali zilipitia kwa mkewe, na Wilson hakukutana na baraza lake la mawaziri hadi Aprili 1920. Seneti iliukataa mkataba mara mbili, na Marekani haikujiunga kamwe na shirikisho lile. Wilson alifariki Februari 3, 1924.

Siku hizi bado tunaficha kiharusi, tukisema mgonjwa karogwa au kachoka tu. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, hata kama dalili zimepita, angalia saa, kumbuka zilipoanza, mpeleke hospitali mara moja. Usimpe chakula, maji wala aspirini, maana huenda mshipa umepasuka, na nyumbani huwezi kujua. Na wewe usiyeumwa, kapime presha zahanati.