Sharifu Husein bin Ali na Mapatano ya Siri

Sharifu Husein bin Ali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Mhashimu, wa kizazi cha Mtume Muhammad (S.A.W.). Alizaliwa Istanbul, na mwaka 1908 dola ya Waturuki ilimfanya Amiri wa Makka.

Vita vikuu vilipopamba moto, yeye na McMahon, mwakilishi mkuu wa Mwingereza huko Misri, waliandikiana barua kumi, tangu Julai 1915 hata Machi 1916. Sharifu alifahamu ya kuwa akimpiga Mturuki, Waarabu watapata dola yao wenyewe. Kumbe Mei 1916 Mwingereza na Mfaransa, kwa ridhaa ya Mrusi, waligawana nchi zile kwa siri: pwani ya Shamu kwa Mfaransa, Baghdad na Basra kwa Mwingereza. Wenye nchi hawakuulizwa. Mwezi uliofuata Sharifu, asijue lolote, alianza vita pale Makka, na Waislamu wengi, hasa wa Bara Hindi, walimlaumu kwa kumwasi Khalifa.

Novemba 1917 Warusi waliokwisha ipindua serikali yao waliifichua siri magazetini. Sharifu akauliza, akatulizwa, naye akasadiki. Labda hapo ndipo alipokosea. Julai 1920 Mfaransa alimfukuza mwanawe, Faisal, kutoka Damaski kwa mizinga. Baba mtu hakukubali kutia sahihi mkataba wowote wa kuridhia ugawaji ule. Hata Ibn Saud alipomjia mwaka 1924, Mwingereza hakumtetea. Akakiacha kiti, akakaa uhamishoni katika kisiwa cha Cyprus mpaka maradhi yalipomzidi. Alifariki Amman mwaka 1931, akazikwa Baitul Mukaddas, kando ya uwanja wa Haram.