Imam Ghazali alipochoka kufundisha

Bagamoyo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, jina lake linakumbusha kubwaga moyo, kutua mzigo. Lakini mwalimu au karani wa hapo aliyechoka mpaka moyo umekufa ganzi, mzigo wake atautua wapi? Watoto wanataka kula na mshahara ni huo huo. Ndugu msomaji, tutazame yaliyompata Imam Abu Hamid Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Tus, nchi ya Khurasan, mwaka 1058. Mwaka 1091, akiwa na miaka 33 tu, aliteuliwa na waziri Nizam al-Mulk kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wanafunzi 300 walikuwa mikononi mwake, na muda uliobaki baada ya darsa alisoma vitabu vya wanafalsafa. Kazi gani tena ya heshima kuliko hiyo?

Rajab ya mwaka 488 Hijria, yaani 1095, mvutano ukaanza. Kwa karibu miezi sita alishindana na nafsi yake, leo aondoke, kesho abaki. Mwisho ulimi ukagoma. Alijitahidi kufundisha japo siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, neno halikutoka. Chakula hakikushuka. Matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni. Alipojihesabu, aliona anafundisha kwa ajili ya jina na cheo. Maradhi hayo hayahitaji Baghdad.

Hapa wengi husimulia nusu, kwamba aliacha yote akakimbilia Sham. Kweli aliondoka, lakini nduguye Ahmad alimshikia darsa, na katika mali aliyoigawa alibakiza ya kuwatosha watoto. (Hili la watoto wahadhiri wetu hulipita haraka mno.) Alikaa Damascus, akafika Baitul Maqdis, akahiji. Katika miaka hiyo aliandika Ihya, kitabu kinachosomeshwa hadi leo kwenye mwambao wetu. Wala faragha yake haikutulia muda wote. Familia na riziki vilimkatiza, naye akairudia kila alipopata nafasi. Miaka kumi na moja ya namna hiyo karani wa Tukuyu hataipata. Kuihoji nia yake na kumwomba nduguye amshikie zamu, hayo hayahitaji safari.

Mwaka 1106 waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule wa kwanza, alimwita kufundisha Nishapur. Akarudi kwenye kazi ile ile. Mwenyewe hakukubali kwamba amerudi alikotoka: zamani alifundisha elimu ya kutafuta cheo, sasa elimu ya kukiacha. Baadaye alirejea Tus, akafungua madrasa jirani na nyumba yake, akigawa saa zake baina ya Qur'an, darsa na kukaa na watu wa ibada. Alifariki hapo Desemba 1111.